Je, anayeandika ndoto zake naye akate leseni?

Mleta mada (Mikindani, Mtwara)

Ndugu wasomaji, naleta mbele yenu hoja niliyoibeba tangu mwaka 2018, ambayo naona haijapata kujadiliwa kwa utulivu. Mwezi Machi mwaka ule zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni na shilingi nyingine 1,000,000 za kila mwaka. Aliyekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Sisi wa huku tuna sababu ya pekee ya kuzikumbuka, kwa kuwa zilipingwa katika Mahakama Kuu hapa hapa Mtwara: tarehe 4 Mei zikasimamishwa kwa muda, na baadaye shauri likatupwa. Novemba ya mwaka huo huo Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kwa bei hiyo, mwana Mtwara aliyetaka kuandika kihalali alipaswa kupima zaidi ya kilo 630 za korosho kabla hajaweka neno lake la kwanza.

Najua kwamba kanuni hizo zilifutwa na za mwaka 2020, na kwamba marekebisho yaliyofuata yalishusha ada na kuielekeza leseni zaidi kwa wanaotoa habari na matukio. Kwa hiyo sigombani na kiasi cha fedha. Ninachouliza ni huo mpaka wenyewe: habari ni nini, na mtu anayeandika mambo yake madogo, alichoota usiku na kompyuta iliyomgomea asubuhi, yuko upande gani wa mpaka?

Nitoe mfano wangu. Mwaka juzi kompyuta yangu, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, ilianza kukataa kufungua karibu kila tovuti ikidai kwamba muunganisho si salama. Nilidhani ni virusi vya flashi za steshenari, ambavyo mjini kwetu vimekuwa kama mafua. Nikaandika malalamiko yangu bila nia ya kumfundisha mtu yeyote. Kesho yake msomaji mmoja wa Nachingwea akaniuliza swali moja tu: saa ya kompyuta inaonyesha tarehe ngapi? Ilionyesha Januari 2009. Akanieleza kwamba kwenye ubao mkuu kuna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, ambayo huitunza saa wakati mashine haina umeme. Betri hiyo ikifa, tarehe hurudi nyuma kila umeme unapokatika. Na kwa kuwa vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kompyuta inayojiona iko mwaka 2009 huviona vyote kuwa havijaanza kutumika. Betri moja ya volti 3 ikamaliza ugonjwa ambao nilikuwa tayari kuutibu kwa kununua mashine nyingine. Hadi leo wapo wanaoyafikia maandishi yale wakitafuta dawa ya tatizo hilo hilo, na wengi hunishukuru mimi, ilhali kazi yangu ilikuwa kulalamika tu.

Watu huniuliza ninapata faida gani. Swali hilo hakuna anayemwuliza mzee aliyekaa barazani jioni akisimulia alichoota. Blogu za Kiswahili zilipoanza kushamiri katikati ya miaka ya 2000, na watu kama Ndesanjo Macha wakiwa miongoni mwa waliotangulia, mimi nilizielewa hivyo: ni baraza ambalo hata mpita njia asiyekujua anaweza kuketi. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake, na sijaona mahali inapotaka fikra hizo kwanza ziwe nzito. Msimamo wangu ni kwamba leseni, kama lazima iwepo, imfuate anayewaambia watu “hili limetokea”, na isimguse anayesema “hili limenijia”. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji wa Newala

Nimemsoma mleta mada kwa makini, na namheshimu, lakini ameruka kisa ambacho kwa maoni yangu ndicho kiini cha mjadala huu. Msimu wa juzi aliandika kwamba ameota yuko mnadani, na bei ya korosho inapanda mpaka makarani wanaweka kalamu chini. Ilikuwa ndoto ya Alinacha, imeandikwa vizuri, na walioisoma kwake walicheka. Ilipotufikia sisi kupitia makundi ya WhatsApp ilikuwa imekatwa sentensi ya kwanza, ile yenye neno “nimeota”. Mjomba wangu aliahirisha kupeleka mzigo wake chama cha msingi cha ushirika kwa wiki mbili akiisubiri bei hiyo, mvua ikamkuta na magunia ndani ya nyumba inayovuja, na korosho iliyolowa, kama mnavyojua nyote, hushuka daraja.

Mwenye ng’ombe haulizwi kama alikusudia ng’ombe wake ale shamba la jirani. Anaulizwa ng’ombe ni wa nani. Leseni kwangu mimi ni alama ya ng’ombe na si zawadi kwa Serikali: inatuwezesha kujua maneno yametoka zizi gani. Mpaka kati ya “limetokea” na “limenijia” ni mzuri karatasini, lakini huku vijijini unakatika kwa kidole kimoja.

Mchangiaji wa Nachingwea

Mimi ndiye niliyeuliza kuhusu tarehe. Nitasema machache. Kanuni za mwaka 2018 zilitaka pia migahawa ya intaneti iweke kamera za ulinzi, na wakati huo nilikuwa na mgahawa wenye kompyuta nne, mbili kati yake zikiwa za maonyesho tu. Ingekuwa kujibu swali la betri kunahitaji kibali, ningenyamaza, na ndugu yetu angetafuta mashine nyingine. Kuhusu korosho sina la kusema, sikuwapo.

Mchangiaji wa Lindi

Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na naona nyote mnagombania leseni wakati jambo lenyewe ni la adabu. Tulilelewa kwamba ndoto njema humsimulia akupendaye, na ndoto mbaya humsimulii mtu. Nabii Yaakub alimwonya mwanawe Yusuf asiwahadithie ndugu zake alichoota, na alijua kwa nini. Leo mtu anaamka, hata uso hajanawa, amekwisha kuwahadithia watu asiowajua, kisha anashangaa kwamba miongoni mwao wapo wenye husuda na wenye mkasi. Sitaki alipe shilingi milioni. Nataka awe na mama wa kumwambia “nyamaza, mwanangu”, na kazi hiyo naiweza bila kanuni.

Mleta mada

Shikamoo, mama yangu wa Lindi. Onyo lako nalipokea, ila katika sura ile ile ya Yusuf ipo ndoto nyingine. Mfalme wa Misri aliota ng’ombe saba walionona wakiliwa na saba waliokonda, akaitangaza barazani mbele ya wakuu wake ili ifasiriwe. Na kwa kuwa ilisimuliwa, nchi iliweka akiba ya nafaka kabla njaa haijafika. Ya Yusuf ilipaswa kufichwa na ya mfalme ilipaswa kusemwa, na sidhani kwamba afisa yeyote mwenye muhuri angeweza kuzitenga mapema.

Ndugu yangu wa Newala, ni kweli kisa kile nilikiacha, na nilikiacha kwa aibu. Sikujua habari za mjomba wako mpaka leo. Niliambiwa tu kwamba maneno yangu “yamesambaa”, nami, nikiri, nilifurahi. Tangu siku ile neno “nimeota” nalirudia katika kila aya, jambo ambalo limeyaharibu maandishi yangu kidogo lakini sijutii. Hata hivyo, mfano wako wa ng’ombe haunitoshi. Ng’ombe wangu alikuwa zizini, tena ana alama, kwa kuwa jina langu liko juu ya kila ninachoandika. Aliyemtoa usiku akamfuta alama na kumwachia shambani kwa mjomba ni mtu asiye na blogu, asiye na jina, ambaye hakuna kanuni ya leseni ingemgusa. Ningekuwa nimelipa hata hizo kilo 630, mkasi wake ungekata vile vile, na mimi mwenye leseni ningekuwa wa kwanza kuitwa.

Mchangiaji wa Newala

Hapo kwenye mkasi nakubaliana nawe, na naondoa neno langu kwamba leseni ingetusaidia kumjua aliyekata. Lakini angalia ulichokifanya mwenyewe: umeanza kurudia “nimeota” kila aya, bila kanuni yoyote kukulazimisha, kwa sababu umejua kwamba maneno yako yana mguu. Basi wajibu upo, na tunachobishania ni nani ausimamie. Mimi bado nina shaka kwamba kila mwandishi atakuwa na aibu kama yako. Na mjomba anasoma hapa kupitia simu yangu. Anauliza, kama aliyekata hajulikani na aliyeota hana kosa, zile gunia tatu zilizoshuka daraja amdai nani?