Tupeane uzoefu: gemu za kanda kwenye TV za chogo, kisa gani hakikutoki kichwani?

Mwanakanda (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Jana nilikuwa nasafisha stoo ya uani kwa mama nikakuta kanda ya gemu, ya njano, imeandikwa 999 in 1, karatasi imechanika nusu. Nikaipuliza kwa mazoea, vumbi likaniingia puani, na miaka ya tisini yote ikarudi. Mlio wa gemu la Contra ukianza. Waya wa pedi mfupi mpaka unakaa pua na kioo, bibi anapiga kelele utapofuka. Kugombea pedi ya kwanza kwa sababu ya pili haina kitufe cha Start. Mliopitia haya, njooni tupeane uzoefu.

Chogo la Ilala
Umenikumbusha mbali mkuu. Nyumbani hatukuwa nayo, tulikuwa tunaenda kibandani, shilingi hamsini, ukifa unampisha mwenzio. Na hiyo 999, gemu zenyewe zilikuwa saba! Zilizobaki ni zile zile, Mario anaanzia dunia nyingine wanaiita gemu mpya.

Mwali wa Ngamiani
Mimi ni wa kike na gemu la vifaru nilikuwa nawafunga kaka zangu wote. Wao wanakimbilia mbele kuua, mimi nabaki namlinda tai. Tai akipigwa mchezo umeisha hata kama una roho kumi. Halafu ukimpiga mwenzio risasi kwa bahati mbaya anaganda, hapo ngumi zinaanza.

Pini Sitini
Tuweke kumbukumbu sawa. Wengi mnasema "Nintendo" ila mlichochezea hakikuwa Nintendo. Famicom, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo, ilitoka Japani Julai 1983, aliyeiunda ni mhandisi Masayuki Uemura, amefariki 2021. Kanda zake zina pini 60. Ile ya Marekani ilikuwa na pini 72 na umbo jingine kabisa. Zilizojaa mitaani kwetu ni nakala za ile ya Japani, ndiyo maana kanda zetu ni ndogo.

Chogo la Ilala
Kaka, sisi tuliita Nintendo na itabaki Nintendo.

Kisonge
Wabara mna maneno. Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, nyie mmeanza kuona vituo vyenu 1994.

Pini Sitini
1973 hiyo Famicom bado miaka kumi. TV ya rangi mlikuwa mnachezea nini?

Kisonge
Tulikuwa tunaangalia, wewe ulikuwa unasikiliza redio.

Mwanakanda
Wakuu, turudi kwenye mada.

Mtoto wa Pili
Nimesoma nikashindwa kupita. Hiki kisa sijawahi kumwambia mtu.

Morogoro, 1998. Kaka alifaulu darasa la saba, baba akamletea mashine kutoka Kariakoo. Kaka ana miaka kumi na minne, mimi tisa. Sharti la baba lilikuwa moja: ikifika taarifa ya habari ya saa mbili usiku, gemu basi.

Mario, mnajua, haihifadhi. Ukizima unarudi mwanzo, dunia nane, hatua thelathini na mbili. Jumamosi moja baba yuko safarini, tukaanza saa nane mchana. Jioni kaka akafika 8-3, yaani dunia ya nane hatua ya tatu, pale wale kobe wanaorusha nyundo wanakuja wawili wawili. Hatujawahi kufika pale. Roho zimebaki mbili. Mara honi getini. Kaka akabonyeza Start ikaganda, akazima TV, akachukua kitambaa cha kudarizi cha juu ya TV akafunika mashine ili ile taa nyekundu isionekane.

Tulipoenda kulala kaka akasema, "Ngoja nikaizime, adapta imepata moto sana." Mimi nikalia. Nikamwambia tumebakiza kidogo, tutamalizia alfajiri wakienda kanisani. Akanihurumia, akaiacha.

Usiku wa manane nikashtushwa na harufu ya plastiki. Adapta ilikuwa nyuma ya kochi, juu ya zulia, imelegea kama nta, na sponji ya kochi imeshaanza kuwaka. Nilimwamsha kaka, sikumwamsha baba. Kaka akaichomoa ukutani kwa mkono mtupu, ikamnatia kiganjani. Mpaka wazazi wanaamka, pazia limeshika. Majirani ndio waliozima, kwa mchanga wa ujenzi uliokuwa nje. Tulitoka wote wazima, lakini sebule iliisha: TV, redio, picha za harusi ya wazazi, zote.

Baba akauliza nani kaiacha inawaka. Kaka akajibu, "Mimi peke yangu, mdogo wangu alishalala." Wiki ile ile akapelekwa kwa mjomba Songea, akasomea huko, nyumbani akawa mtu wa kuja likizo. Baba amefariki 2011 akijua ni kaka. Kovu bado lipo kiganjani, nikimpa mkono nalisikia.

Mwali wa Ngamiani
Dah. Nimelia ofisini.

Chogo la Ilala
Pole sana ndugu yangu. Mama yupo? Kamwambie leo leo.

Kisonge
Asimwambie! Kaka mtu alishabeba, ukifukua sasa unamuonyesha mama kwamba alidanganywa na wanawe wawili. Muulize kaka kwanza.

Mwali wa Ngamiani
Kisonge kasema kweli. Hilo neno ni la kaka, yeye ndiye aliyelipia.

Fundi wa Sabasaba
Pole mkuu. Mimi natengeneza hizi mashine, naomba niseme kitu kwa wanaotaka kuziwasha tena. Swichi ya mashine haizimi adapta. Transfoma ya ndani inakula umeme muda wote iko ukutani, na zile za bei rahisi hazikuwa na kinga yoyote. Tafuta ya volti 9, na kabla hujachomeka angalia kama hasi iko ndani ya ncha au nje, zinatofautiana, ukikosea unaua mashine. Na acheni kupuliza kanda! Unyevu wa mdomo unaozesha shaba. Pamba na spiriti.

Chogo la Ilala
Nimepuliza miaka kumi na zikawaka.

Fundi wa Sabasaba
Zilikuwa zinawaka kwa sababu uliichomoa ukaichomeka upya, si pumzi.

Mwanakanda
Na bunduki ya bata je? Nimeijaribu kwa TV mpya, hainasi hata bata mmoja.

Fundi wa Sabasaba
Haitanasa. Ukivuta kifyatulio kioo kinakuwa cheusi kufumba na kufumbua, pale bata alipo panakuwa kisanduku cheupe, na jicho la bunduki linatafuta ule mwanga. TV mpya zinachelewa. Rudi kwenye chogo.

Pini Sitini
Mtoto wa Pili, samahani kuuliza. Hamkuwa mnajua njia za mkato? 1-2 unapita juu ya dari mpaka kwenye mabomba matatu, unaingia la dunia ya 4. Kisha 4-2 kuna kitofali kinatoa mmea, unapanda, unakuta mabomba mengine, unaingia la dunia ya 8. Nusu saa uko kwa binti mfalme.

Mtoto wa Pili
Hatukujua.

Mtoto wa Pili
Nimempigia kaka sasa hivi, nimemsomea uzi wote. Amekaa kimya muda mrefu, halafu kauliza hicho kitofali cha 4-2 kiko wapi.

Pini Sitini
Mwambie akishavuka lifti za mwanzo, aangalie vitofali vitatu vya juu. Arukeruke chini yake, kuna maboksi yasiyoonekana, yatatokea, atakanyagia hayo.