Sange na mnana wa Arabuko-Sokoke: daraja moja, hifadhi moja?

Mwalimu wa Biolojia, Kilifi
Ndugu zangu, darasa langu linalinganisha viumbe wawili wa msitu wa Arabuko-Sokoke: sange mwenye matako ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, na mnana wa Clarke, ndege mdogo. Wote wamo katika daraja la walio hatarini kutoweka. Je, kwa kuwa daraja ni moja, njia ya kuwahifadhi nayo ni moja? Pia wanafunzi wanashikilia kwamba sange ni jamaa ya panya.

Mwongoza wageni, Gede
Mwalimu, salaam. Umbo la sange linadanganya. Yeye ni wa oda (kundi la uainishaji wa viumbe) ya Macroscelidea, na ukoo wake uko karibu zaidi na tembo, pimbi, nguva na muhanga kuliko panya. Ukitulia msituni alfajiri utamsikia kabla hujamwona, kwa maana hufukua majani makavu kwa pua yake ndefu akitafuta wadudu, na akishtuka huchapa mkia chini, kisha hutimka huku manjano ya nyuma yake yaking'aa. Mitego humuua hata pale mtegaji alipokusudia paa, jambo linaloniuma sana kila ninapokuta kitanzi kwenye njia yake.

Mpenzi wa ndege, Malindi
Naongeza kuhusu mnana. Ni wa oda ya Passeriformes, familia ya Ploceidae, na huhesabiwa miongoni mwa ndege waimbaji kutokana na muundo wa kiungo chake cha sauti, si kwa utamu wa wimbo.

Kuhusu hifadhi, nadhani hapa ndipo daraja linapotuficha jambo. Sange huishi, hula na kuzaa ardhini humohumo msituni, kwa hiyo doria ya kung'oa mitego humsaidia moja kwa moja. Mnana hutafuta chakula juu ya miti ya mirihi, lakini viota vyake, ambavyo wataalamu hawakuwa wamevipata tangu ndege huyu aelezwe kisayansi mwaka 1913, vilionekana mara ya kwanza mwaka 2013 huko Dakatcha, eneo la miti lililo nje ya msitu huu, katika kinamasi cha msimu. Arabuko-Sokoke, wenye takriban kilomita za mraba 420, ni msitu wa serikali, ilhali sehemu kubwa ya Dakatcha haina ulinzi wa namna hiyo na miti yake hukatwa kwa ajili ya makaa. Tukilinda msitu peke yake, tutakuwa tumelinda meza ya mnana na kumwachia kitanda chake wazi.

Mwalimu wa Biolojia, Kilifi
Nashukuru sana. Kesho nitawapa wanafunzi ramani ya kaunti, waweke alama mahali kila mmoja anapokula na anapozaa, kabla hatujagusa tena orodha ya madaraja.