Mboga za bondeni Swaswa: zifyekwe, au tope lipimwe kwanza?

Wakuu, huu mjadala wa bustani zilizo bondeni chini ya mabwawa ya majitaka Swaswa, Dodoma, zinazomwagiliwa maji ya mabwawa hayo, naona umegawanyika, wapo wanaotaka zifyekwe zote na wapo wanaosema tumekula miaka yote na tuko hai, ukichemsha mboga imeisha hiyo.

Hao wa kuchemsha nawaomba sana wasikilize. Yale mabwawa yamejengwa kupunguza vijidudu, maji yanakaa juani siku nyingi vijidudu vinakufa. Sasa metali nzito kama risasi (lead, ile ya kwenye betri) na kadimiamu haziozi wala haziuliwi na jua, nyingi zinatuama kwenye tope na zingine zinatoka na maji mpaka bondeni, huko zinajilimbikiza kwenye udongo msimu hadi msimu. Moto wa jikoni hauzigusi.

Halafu angalieni mchicha unavyovunwa: unang'olewa na mizizi yake, unasuuzwa kwenye mfereji uleule, unafungwa mafungu, jioni uko sokoni Majengo. Risasi nyingi inakuwa kwenye udongo ulioganda kwenye majani, kwa hiyo kuosha kwa maji safi kunasaidia kweli. Kadimiamu ndo shida, hiyo mmea unaivuta kwa mizizi mpaka ndani ya jani, na ukishaila inakaa kwenye figo miaka 10 hadi 30. Risasi nayo inaharibu ubongo wa mtoto, na WHO wanasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Lakini kufyeka mimi sikubali hata kidogo. Mkulima wa mchicha hakuleta risasi pale. Imeletwa na anayepasua betri chakavu akamwaga yale maji ya asidi mtaroni, gereji, mabaki ya rangi, huko ndo pa kuanzia, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema wazi mchafuzi ndo alipe. Mimi nataka tope, maji na majani yapimwe kila msimu na majibu yabandikwe ofisi ya mtaa watu wasome wenyewe, na palipoonekana pamezidi wasaidiwe kuhamia mahindi maana kwa kawaida punje haibebi metali nyingi kama jani.

Mnaotaka kufyeka nijibuni hili: Dodoma mvua ikikata mwezi wa nne ni mpaka Desemba, sasa huyo mama mwenye bustani mwezi wa tisa amwagilie maji gani?