Ushauri: Darasa la nne, watoto 118, arobaini na ushee hawajui kusoma. Nivunje madarasa kwa saa moja kila asubuhi?

Chaki_Vumbi
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo, hasa kwa walimu na wenye watoto shule za serikali.

Nafundisha Kiswahili darasa la nne, Kanda ya Ziwa. Watoto 118 chumba kimoja, dawati la watatu wanabanana watano. Kiwango ni 45, najua. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto walikuja kwa wingi, na ni jambo jema. Vyumba na walimu ndio bado wako njiani.

Mwezi uliopita niliwaita mmoja mmoja mezani wasome aya ya darasa la pili. Siku 4 nzima. Kuna binti hunyoosha mkono kila kipindi. Akasoma bila kukwama, ila kidole chake kilikuwa bado mstari wa pili wakati mdomo umeshamaliza aya. Nikampa kitabu kingine. Kimya. Akaitazama picha, akasema, "Kuna mbuzi." Jumla, 43 hawawezi aya, na 17 kati yao hata silabi bado.

Wazo langu: saa ya kwanza asubuhi tuchanganye darasa la 3, 4 na 5, kila mtoto aende kundi la anachokiweza: herufi, silabi, maneno, aya, hadithi. Walimu 5, makundi 5. Saa ikiisha kila mtu arudi darasani kwake. Mwalimu mkuu anaogopa wathibiti ubora (wakaguzi wa shule) wakute ratiba imechezewa, na wazazi waseme mtoto kashushwa darasa. Halafu upimaji wa darasa la nne ndio huo unabisha hodi. Mnanishaurije?

Mlalahoi_Mjini
Utaumia bure mkuu. Maliza silabasi, zima kishikwambi, nenda nyumbani. Mshahara ni ule ule.

Mstaafu_Kibao
Mwanangu, huyo mwache apite. Nimeshika chaki miaka 34.

Utakapoharibikiwa ni kwenye kugawa walimu. Shule nyingi mwalimu hodari anapewa darasa la saba kwa sababu ndilo linaloonekana kwenye matokeo. Ukifuata mazoea hayo, kundi la herufi utamkabidhi aliyeripoti juzi, au yule wa ruhusa kila Ijumaa. Herufi mpe yule mama wa darasa la kwanza anayefundisha "mb" kwa kubana midomo mpaka watoto wanacheka.

Kadi usinunue. Kata maboksi ya sabuni, silabi moja kila kadi, maandishi yaonekane kutoka dawati la nyuma. Ka, ta, ma, ba. Mtoto azipange mwenyewe chini kama karata: kata, taka, bata, mama. Ng'wa na mbwe zisubiri, hata kama huko kwenu nusu ya darasa majina yao yanaanza na Ng'w.

Takwimu_Tamu
Hilo wazo lina ukoo. India shirika la Pratham linalifanya miaka mingi, na waliolipima ni pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Michael Kremer. Zambia nao wanalo mashuleni.

Ila angalia hapa. Kule jimbo la Haryana walitenga saa maalumu na waratibu wakasimamia, watoto wakasogea. Kwingine walimu walipewa mafunzo na vitabu tu, wakarudi kwenye silabasi kama kawaida. Kwa hiyo, hiyo saa yako ndiyo roho ya jambo. Usikubali "tutaingiza tukipata nafasi".

Hata hapa Tanzania, 2013 na 2014, utafiti wa shule 350: ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto ilipopelekwa shuleni peke yake, alama hazikutikisika. Ilipoungana na bonasi ya mwalimu kwa kila mtoto aliyefaulu, zikapanda.

Mama_Wawili
Nisemee upande wa mzazi. Mwanangu aliwekwa kundi la namna hiyo, mwalimu analiita "kundi la chini" mbele ya watu. Mtaani wakamwita chekechea. Akawa anaficha viatu nyuma ya pipa la maji asiende shule. Tafuteni majina ya makundi. Mko ziwani, si kuna samaki? Ila msije mkawaita dagaa!

Kalamu_ya_Busia
Mwalimu, salamu kutoka Kenya. Kwetu Busia utafiti wa miaka ya 90 ulionyesha vitabu vya kiada viliwainua wale waliokuwa juu tayari, maana viliandikwa kwa Kiingereza ambacho wengi hawakukifuata. Tusome, mpango wa serikali wa kufundisha kusoma, ilipoanza 2015, kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili alipata kitabu chake, na afisa wa mtaala akawa anaketi nyuma darasani na tableti yake. Wewe afisa huna. Tafuta mwalimu mwenzako akukalie hata mara moja kwa wiki.

Faili_la_Kijani
Niliwahi kuwa mthibiti ubora. Usiandike "majaribio" mahali popote, andika ufundishaji rekebishi, hilo linaeleweka. Kikao cha walimu, muhtasari, kamati ya shule ipitishe, nakala kwa Afisa Elimu Kata. Weka daftari moja: jina, kiwango, tarehe. Mimi ratiba tofauti haikuwahi kuniudhi. Nilichochukia ni andalio la somo linalong'aa na madaftari ya watoto matupu. Na usimchangishe mzazi hata mia mbili ya kadi, hapo ndipo barua zitakapoanza.

Chaki_Vumbi
Wakuu, mrejesho, tuko wiki ya tatu. Siku ya kwanza dakika 25 ziliishia kutafuta vyumba. Sasa ile rimu ya gari ikigongwa wanakimbia wenyewe. Makundi ni Sato, Furu, Kamongo, Ngege na Sangara. Herufi ndio Sangara, na wanaringa kweli kweli. Mama wa darasa la kwanza alikubali, kwa sharti asipangiwe zamu ya choo.

Alikuja mama mmoja amefura, mtoto wake kashushwa. Nikamwomba kijana asome kanga aliyojifunga mamake. Akaanza silabi kwa silabi, sisi tumesimama pale mlangoni. "Mu-ngu ni m..." akakwama. Mama akamsubiri, akamsubiri tena, kisha akauliza saa ya Sangara inaanza saa ngapi, maana huwa wanachelewa kutoka nyumbani.

Kwa wale 17: 9 wanaunganisha silabi, 4 wanajongea, 4 hawajasogea kabisa. Mmoja wa hao anainamisha shingo upande kila anapotazama ubaoni, nahisi ni macho. Zahanati ya kijiji haina kipimo. Kuna aliyewahi kupimisha mtoto wa shule macho bila mzazi kulipa? Mlianzia wapi?