Eti "mzee, hapa hatununui korosho"! Huyu wa dirishani katumwa na nani?

Wakuu, naandika huku natetemeka kwa hasira, herufi zikiruka mtanivumilia.

Leo mzee wangu kanyimwa viza ya kwenda kutibiwa Ulaya. Kunyimwa siyo ishu, wangapi wamenyimwa. Ishu ni yule wa dirisha la viza. Mnamjua. Aliyewahi kukanyaga pale anamjua: kalamu sikioni, marashi yake yanakufikia kabla zamu yako haijafika. Hata shikamoo hakutoa. Mtu mzima, jicho lina bandeji, kakaa kwenye basi kutoka Mtwara mpaka miguu imevimba, anasukumiwa bahasha kwa ncha ya kidole kama mjusi aliyekufa. Mzee kauliza kistaarabu, "Mwanangu, kasoro iko wapi?"

"Mzee, hapa hatununui korosho."

Korosho! Kisa taarifa ya benki inaonyesha pesa imeingia kwa mkupuo Novemba, kabla ya hapo akaunti kavu. Sasa mkulima wa Tandahimba alitaka alipwe mshahara kila mwisho wa mwezi? Mnada unaanza Oktoba, mzigo uko ghalani, chama cha msingi cha ushirika kinalipa kupitia benki, basi, mpaka msimu mwingine. Stakabadhi tumeambatisha. Barua ya chama, ya mtendaji wa kijiji, picha za shamba. Nilibakiza kuubeba mkorosho wenyewe ukaape mahakamani.

Barua ya daktari ipo, makadirio ya hospitali ya huko yapo, bima ya euro 30,000 ipo. Kwenye karatasi ya kukataliwa wametia tiki kwamba wana shaka kama ataondoka kabla viza haijaisha. Mzee huyu akilala Dar usiku mmoja tu anapiga simu kuuliza kama mbuzi wamefungwa, leo atorokee Ulaya?

Narudia: "Hapa hatununui korosho." Na foleni nzima ikacheka! Nakata rufaa, hata ifike mbinguni. Anayejua inavyoandikwa aseme. Na anayekaa mtaa mmoja na yule amfikishie salamu zangu.

Binti Shangani: Pole sana kaka. Ila hiyo ya korosho nimecheka, Mungu anisamehe. Huyo namjua, shangazi yangu aliambiwa picha yake ya pasipoti haifanani na mtu mwenye nauli.

Mzee wa Makaratasi: Mleta uzi, punguza jazba. Kama ni Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, rufaa ni haki yako, iko kifungu cha 32 cha kanuni zao za viza. Inakwenda kwa nchi iliyokukatalia, siyo kwa huyo wa dirishani, yeye mpokea bahasha tu. Soma hiyo karatasi ya tiki yote, wameandika upeleke wapi na ndani ya muda gani, kila nchi ina utaratibu wake. Matusi usiweke. Eleza korosho inavyolipwa, weka taarifa ya benki ya misimu kadhaa waone pesa inaingia vilevile kila mwaka. Na onyesha kinachomrudisha: hati ya shamba, familia.

Mleta uzi: Asante mkuu. Sasa yeye alishindwa nini kusema hivyo? Kasema hatununui korosho!

Chale wa Mikindani: Tumesikia, umeshasema. Swali dogo: korosho mlibeba au hamkubeba?

Mleta uzi: Pakti mbili, zawadi ya mwenyeji wetu Dar. Zilikuwa kwenye mfuko, hazikuwa mezani. Inahusiana nini na viza?

Chale wa Mikindani: Hahahaaa. Mods, fungeni uzi.

Asiye na Bahati: Nyie mna rufaa mnalia? Mimi Marekani nilipewa kikaratasi cha 214(b), kile kifungu cha kwamba hawajaamini utarudi kwenu, rufaa hakuna, nikaambiwa nikitaka nilipe upya dola 185. Niliulizwa nina watoto wangapi, nikasema sita, nikasikia "anayefuata!"

Mama Wawili: Mpelekeni India jamani. Viza ya matibabu inaombwa mtandaoni, na ndugu wawili wanaruhusiwa kumsindikiza.

Suka wa Kusini: India utafika, Dar je? Mvua ikikaza Somanga, safari imekwisha. Mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara, muhogo wa kuchoma uliuzwa bei ya kuku. Tupeni madaraja kwanza, viza baadaye.

Binti Shangani: Na umeme? Gesi inatoka Mnazi Bay, hapa hapa kwetu, mimi simu nachaji kwa jirani mwenye sola.

Suka wa Kusini: Jirani huyohuyo kesho atakutoza.

Binti Shangani: Ananitoza tangu zamani, mia tano kwa simu.

Mleta uzi: Jamani rudini kwenye mada, siku za rufaa zinakwenda.

Mkulima Halisi: Pole mkuu, tuko pamoja. Nje ya mada kidogo: salfa ya ruzuku, dawa ya mikorosho, Tandahimba mmeshapata? Huku Newala tunaambiwa mfumo hausomi.

Chale wa Mikindani: Unasoma vizuri tu. Kwetu umesoma majina ya marehemu wote, na salfa yao imeshachukuliwa.