MREJESHO: Yule muuza dagaa wa Kirumba ambaye kichwa kilikuwa hakitulii

Habari zenu wakuu. Mwezi wa pili niliandika hapa kwamba nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, naamka saa tisa usiku, nikirudi ni watoto na simu za wateja, na hata nikilala kichwa kinapiga hesabu za magunia, nikaomba ushauri wa kukituliza. Asanteni sana wote mlionijibu.

Ule ushauri wa kuamka mapema zaidi nikae kimya nusu saa ulinishinda, nilikuwa nasinzia tu, wiki mbili nikaacha. Kilichonisaidia ni cha dada aliyesema nianze na dakika kumi, basi nikishafunga mzigo namwachia mwenzangu simu naenda kukaa kwenye mawe kando ya ziwa, navuta pumzi halafu naitoa taratibu zaidi ya nilivyoivuta. Siku za kwanza nilihesabu madeni tu. Kama siku ya tisa hivi kulikuwa na mnandi juu ya jiwe katandaza mabawa anayakausha, nikamwangalia mpaka akaruka, ndo nikashtuka kwamba sikuwa nawaza kitu chochote jamani, nililia.

Na mzee uliyesema nipumzike siku za mbalamwezi, wakati mitumbwi ya taa haiendi kuvua dagaa, ubarikiwe sana, siku hizo nilikuwa nazijaza biashara ya mitumba, sasa nalala.

Usiku bado nashtuka, hasa kodi ikikaribia, na simu kuizima saa tatu sijaweza kila siku. Mwenye swali aulize, nitajibu jioni.