MREJESHO: Ruta ya ofisini Area C, tovuti sasa zinafunguka

Wakuu, ahsanteni sana. Niliuliza kwa nini hapa Dodoma WhatsApp inapita vizuri lakini baadhi ya tovuti zinakwama katikati. Tatizo lilikuwa MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data, kwa baiti. Faiba yetu inaingia kwa PPPoE (njia ya kuunganisha intaneti kwa jina na nywila), inayokula baiti 8 za kila pakiti, kwa hiyo MTU ya kawaida ya 1500 lazima ishuke hadi 1492. Nimeingia 192.168.1.1 (ukurasa wa mipangilio ya ruta), upande wa WAN (unaounganisha na intaneti), nikaandika 1492, nikahifadhi na kuiwasha upya.

Kupima kwenye Windows, andika kwenye Command Prompt: ping -f -l 1464 1.1.1.1. Hiyo 1464 ukijumlisha baiti 28 za vichwa (taarifa zinazotangulia data kwenye pakiti) unapata 1492. Ikigoma, punguza hiyo 1464 kidogo kidogo.

Tafadhali msikimbilie kitufe cha reset! Kinafuta jina na nywila ya PPPoE. Usipokuwa nazo, intaneti hairudi.